Nyuzi Mbili za Mwanga

Kisu cha kukunja kilichofungwa, kikiinuliwa mbele ya dirisha na kutazamwa upande wa tumbo lake, yaani pale ambapo makali hujificha ndani ya mpini, huonyesha jambo ambalo halionekani kinapolala mezani: nyuzi mbili za mwanga, mmoja kila upande wa bapa, zikishuka sambamba kutoka kwenye mhimili hadi kwenye ncha. Bapa ni kile kipande cha chuma chenye makali. Mhimili ni pini ambayo bapa huizunguka. Na mbavu ni vipande viwili vya mpini vinavyolihifadhi bapa katikati yao kama kurasa mbili zinavyohifadhi jani lililokaushwa. Nyuzi hizo zikilingana unene toka mwanzo hadi mwisho, mjuzi wa visu hushusha pumzi. Uzi mmoja ukinenepa na mwingine ukakonda, hata kwa kiasi cha unywele, hukirudisha kisu mezani na kuuliza bei ya kingine. Wakati huo jicho lake halitazami chuma hata kidogo, linatazama pengo, ile nafasi tupu ambayo chuma kimeiacha baada ya kukatwa, kuchimbwa, kusuguliwa na kuunganishwa, na kwa pengo hilo jembamba hukata shauri juu ya kazi nzima ya watu ambao hatawaona maishani mwake.

Lugha ya Kiswahili, ambayo haikukulia kwenye meza za visu vya anasa, ina maneno matatu yanayotosha kuibeba hukumu yote ya kisu cha namna hii. La kwanza ni mkao. Fundi cherehani husema nguo imemkaa mtu, kwa maana sifa iko katika mapatano ya kitambaa na bega, na mapatano hayo hayauzwi kwa mita; vivyo hivyo mkao wa kisu ni namna sehemu zake zinavyokutana, bapa na mbavu, mbavu na mhimili, komeo linalolizuia bapa lisijifunge na kisigino, yaani sehemu ya nyuma ya bapa iliyo karibu na mhimili. La pili ni umaliziaji, neno la mafundi wa nyumba, ambao wanajua kwamba kuta zinaweza kusimama kwa miezi michache lakini lipu, rangi na pembe za milango zikamla mwenye nyumba miaka; kwenye kisu, umaliziaji ni hali ya nyuso na kingo zote, zinazoonekana na zisizoonekana. La tatu ni mwendo, yaani namna bapa linavyotoka na kurudi, na neno hili lina uzito zaidi kuliko mawili yaliyotangulia, kwa kuwa Kiswahili hulitumia pia kwa mtu, ambaye hujulikana kwa mwendo wake kabla hajafungua kinywa. Mkao na umaliziaji huweza kupigwa picha. Mwendo hauna picha, na kila kosa lililofichwa katika yale mawili hulazimika kukiri linapofika kwake.

Kisu kimoja kinafaa kuwekwa katikati ya tafakari hii, kwa sababu visu vingi vya kukunja vya bei ya juu vilivyokuja baada yake vimepimwa kwa kulinganishwa nacho. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyeanzia kazi yake Durban, alihamia Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1989, na huko kisu chake kiitwacho Sebenza kikajipatia jina miongoni mwa watu wanaopenda visu. Jina lenyewe ni la Kizulu, na msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ni ndugu wa Kizulu katika ukoo wa Kibantu, huenda akasikia sauti ya jamaa wa mbali kabla hajafasiriwa: sebenza ni kitenzi chenye maana ya kufanya kazi, na kikisemwa peke yake huwa amri, fanya kazi. Visu vingine vya kiwanda hicho vimepewa majina ya Kizulu pia, kama Inkosi, yaani mfalme au mkuu, na Mnandi, yaani kitamu au chenye kupendeza. Lakini ni kile chenye jina la amri kilichobaki kuwa kipimo, na bei yake, ambayo leo imevuka dola 400 za Marekani, huigeuza amri hiyo kuwa kitendawili, kwa maana haieleweki mara moja ni nani atakayekubali kufungulia magunia kwa chombo cha thamani hiyo.

Siri ya mkao wa Sebenza iko mahali ambapo macho hayafiki. Katika visu vingi vya kukunja mhimili hukazwa kwa skrubu, na mwenye kisu hulazimika kuitafuta mwenyewe hali ya kati: akikaza sana bapa hukwama, akilegeza kidogo bapa hucheza, kama wasemavyo mafundi wa magari juu ya gurudumu ambalo beringi yake imechoka. Katika Sebenza ya asili mhimili umevikwa bushi, yaani kimrija kigumu cha chuma kinachopenya bapa, na kila upande wa bapa pana washa, ambayo ni bamba jembamba la duara lenye tundu, lililotengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati na fosforasi kidogo. Skrubu hukazwa mpaka mwisho, wala hailibani bapa, kwa kuwa inazibana mbavu dhidi ya bushi. Nafasi inayobaki kwa bapa kuzunguka ni ile tu inayopatikana baada ya kutoa unene wa bapa na washa mbili kutoka katika urefu wa bushi. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la pili, lakini jibu lake linatakiwa liwe dogo kuliko unene wa unywele, na liwe hivyo kwenye kila kisu kinachotoka kiwandani. Mjenzi wa jahazi ana kalafati, yaani pamba yenye mafuta anayoigongomea katikati ya mbao ili kuziba mapengo, na bahari nayo humsaidia kwa kuzivimbisha mbao hizo. Seremala ana gundi na vumbi la msumeno. Fundi wa kisu cha kukunja hana cha kuzibia, kwa sababu pengo lenyewe ndilo analouza.

Watu waliolelewa na ushairi wa Kiswahili wana njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Mshororo wa shairi la kimapokeo huwa na mizani, yaani silabi, 16, nao hugawanywa kuwa vipande viwili vya mizani 8 kila kimoja, cha kwanza kikiitwa ukwapi na cha pili utao, na katikati yao hamna neno lolote isipokuwa mapumziko mafupi ya pumzi. Shairi zima husimama juu ya mapumziko hayo. Msikilizaji mzoefu hahesabu silabi; mizani ikipungua moja, sikio lake hushtuka kabla ya vidole kuanza kuhesabu, kama vile jicho la mjuzi wa visu linavyoshtuka uzi mmoja wa mwanga ukiuzidi mwenzake. Mtu anaweza kuuliza, na swali lake ni la haki, kosa hilo lina madhara gani, ikiwa maana ya shairi bado inaeleweka na bapa lililoegea kidogo upande mmoja hukata sawasawa na lililokaa katikati. Jibu ni kwamba kasoro hiyo ni shahidi zaidi ya kuwa jeraha. Bapa huegea kwa sababu tundu la mhimili halikuchimbwa wima, au washa mbili hazilingani unene, au springi inayolisukuma kutoka ubavu mmoja imekunjwa kupita kiasi, na aliyeruhusu mojawapo ya hayo yapite huenda ameruhusu mengine ambayo hayaachi mwanga upenye. Methali husema ukali wa jicho washinda wembe, na katika ufundi huu methali hiyo inaweza kuchukuliwa neno kwa neno: wembe hukata kilicho mbele yake, jicho hukata hadi kwenye tabia ya aliyeutengeneza wembe.

Mwendo hungoja kidole gumba. Kabla ya makomeo ya kisasa, visu vingi vya mfukoni, vikiwemo vile vilivyoujengea jina mji wa Sheffield nchini Uingereza, vilitegemea springi ya mgongoni, yaani utepe mnene wa chuma unaokikandamiza kisigino bila kulifunga bapa kabisa. Wapenzi wa visu hivyo wanaozungumza Kiingereza husema kwamba kisu kizuri cha springi kinatakiwa kutembea na kusema: kutembea ni kuteleza juu ya springi bila kukwaruza, na kusema ni ule mlio mkavu, tak, bapa linapotua mwisho wa safari yake. Springi nayo inatakiwa iwe sawa na mgongo wa mpini bapa likiwa limefunguliwa, likiwa nusu njia na likiwa limefungwa, hata ukucha ukipitishwa juu ya maungio usikwame popote. Katika msemo huo kuna hekima ya watu waliokaa na vyuma muda mrefu, kwa kuwa wametambua kwamba kitu kilichotengenezwa vizuri kina sauti moja tu, ilhali kilichotengenezwa vibaya kina sauti nyingi: mkwaruzo mwanzoni, kigugumizi katikati, na mwisho mgongano wa vyuma visivyojua vinakutana wapi.

Visu vingi vya leo vimeikimbia hekima hiyo kuelekea kwenye kasi. Bapa huzunguka juu ya duara la gololi ndogo, kama gurudumu la baiskeli, na kidole cha shahada kikibonyeza kitako kidogo kinachochomoza mgongoni mwa mpini, bapa huruka nje kabla macho hayajafumba na kufumbua. Sebenza haikuingia katika mashindano hayo. Bapa lake hupita kati ya washa zilizotiwa grisi, na wanaolisifu hulifananisha na mtambo unaosukumwa na mafuta mazito, kwa kuwa halina pa kukwama wala pa kukimbilia, bali hufunguka kwa uzito uleule toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Zaidi ya hayo, kisu kipya cha namna hiyo mara nyingi huwa kigumu kufungua, na asiyejua hukilaumu. Washa hulainika kwa kusuguliwa na bapa, wiki baada ya wiki, mpaka mwendo uliotarajiwa siku ya kununua ukapatikana baada ya miezi. Kwa hiyo kisu hicho huuzwa kikiwa kimebakiza hatua moja ya kutengenezwa, na fundi wa hatua hiyo ni mnunuzi, ambaye hana kifaa kingine isipokuwa subira, kwa maana mstahimilivu hula mbivu hata kwenye mambo ya chuma.

Komeo ndiyo sehemu inayoigeuza hukumu ya uzuri kuwa hukumu ya uaminifu, kwa kuwa linalozuiwa nalo ni bapa lisirudi juu ya vidole vya mwenye kisu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker alikuza komeo la bamba, ambalo ni utepe mwembamba wa chuma ndani ya mpini unaoruka na kusimama nyuma ya kisigino bapa linapofunguka. Reeve aliichukua fikra hiyo akaufanya ubavu mzima wa mpini kuwa komeo: titani, madini mepesi ambayo yakichanganywa na asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi huwa na uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma, ilikatwa ufa mrefu ili sehemu yake iinamie ndani na kusukuma kama springi, na mkono unaokibana kisu wakati wa kazi ukawa unaongeza nguvu ya komeo lenyewe. Mjuzi hutazama komeo limesimama wapi kwenye kisigino. Likigusa ukingo tu, linaweza kuteleza. Likiwa limeshavuka hadi upande wa pili tangu siku ya kwanza, halina tena pa kusogea litakapochakaa. Titani pia ina tabia ya kung'ang'ania chuma inachosuguana nacho, hata kidole kikahisi komeo likigoma kuachia, na kwa sababu hiyo Sebenza 31 iliwekewa gololi ya kauri pale komeo linapokutana na bapa. Ni vema kukumbuka kwamba kinachoitwa usalama na mtumiaji huweza kuitwa tishio na sheria: nchini Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, kisu cha kukunja kisicho na komeo na chenye makali yasiyozidi inchi 3 huweza kubebwa hadharani bila sababu maalumu, lakini kikiwa na komeo huhesabiwa kama kisu kisichokunjika.

Umaliziaji ndio hudanganya kwa urahisi kuliko yote, na kwa hiyo unastahili kutiliwa shaka. Bapa lililong'arishwa hadi likawa kioo huonyesha uso wa mtazamaji, naye akijiona amependeza husahau kulitazama bapa. Bapa lililosuguliwa kwa mistari myembamba inayoelekea upande mmoja ni kweli zaidi, kwa kuwa mstari mmoja ukipinda hujitangaza. Aina ya tatu ni ya bapa lililozungushwa ndani ya pipa pamoja na vijiwe mpaka likapata rangi ya mawingu, na busara yake ni ya ajabu, kwani kisu hutiwa makovu elfu madogo kabla hakijauzwa ili kovu la kwanza la mmiliki lisipate pa kuonekana. Mafundi mbao wa pwani walikuwa wakilainisha kazi zao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa kabla ya karatasi ya dukani kulirithi jina hilo, na leo hata watu husemwa kwamba wamepigwa msasa wanaporudi kutoka mafunzoni. Lakini msasa haujengi kitu, hudhihirisha tu kilichojengwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa hiyo mjuzi hufungua skrubu na kutazama upande wa ndani wa mbavu, kuta za ule ufa wa komeo, na pale makali yanapoanzia mbele ya kisigino, ambapo mchongo wa upande wa kulia unatakiwa uwe pacha wa upande wa kushoto. Mwishoni hupitisha kidole kwenye kila ukingo wa mpini, mgongo wa bapa na kichwa cha skrubu, akitafuta kingo ambazo hazikupunguzwa ukali, kwa maana kisu kinatakiwa kiwe kikali mahali pamoja tu.

Hata hivyo kuna sehemu ya kisu ambayo jicho, ukucha na sikio havina mamlaka juu yake, nayo ni tabia ya chuma chenyewe. Mwaka 2001 kampuni ya Crucible ya Marekani, baada ya kushauriana na watengeneza visu, Reeve akiwa miongoni mwao, ilitoa chuma kiitwacho S30V, chenye kaboni ya takriban asilimia 1.45, kromi asilimia 14 na vanadi asilimia 4. Chuma hicho hakimiminwi na kuachwa kigande kama vingine. Kikiwa kimeyeyuka hupulizwa kwa gesi hadi kikawa unga, na unga huo hushindiliwa kwa joto na shinikizo kubwa mpaka ukawa pande moja, ili chembe ngumu zinazolinda makali zisambae sawasawa badala ya kujikusanya kama uvimbe kwenye ugali. Kisha huja moto wa kukikomaza, na ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambacho hukandamiza ncha ya almasi juu ya chuma kwa mzigo wa kilo 150 na kusoma kina cha shimo. Ugumu ukipandishwa makali hudumu lakini huelekea kumeguka na kinoo hukataliwa. Ukishushwa makali huwahi kulala lakini hunoleka upesi. Reeve alijulikana kwa kupendelea ugumu wa wastani, chuma chake kikiwa karibu na 58 au 59, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Mabishano hayo hayawezi kumalizwa mbele ya dirisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na chuma usichokikatia hujui kinachelewa kuchoka au kinawahi.

Hapo ndipo sauti ya pili, ambayo imekuwa ikisubiri zamu yake, inapopaswa kusikilizwa. Mchagua jembe si mkulima, husema methali, na yeyote aliyemwona mkulima akishika jembe lolote lililo karibu na kuanza kulima anajua kwamba methali hiyo haikutungwa kwa mzaha. Huko Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel alibuni mwaka 1890 kisu cha kukunja chenye mpini wa mti, ambacho kiliongezewa pete ya chuma ya kulizuia bapa mwaka 1955, na kinauzwa hadi leo kwa sehemu ndogo ya bei ya Sebenza. Kwa vipimo vya mkao Opinel ni mshtakiwa asiye na wakili: mti wake huvimba kwa unyevu na kulibana bapa, hata ikawa desturi ya watumiaji wake kukigonga kitako cha mpini mezani ili bapa lichomoze. Lakini bapa lake ni jembamba, hupenya mkate na jibini bila kupasua, na vizazi vya wachungaji na wakulima vimekula kwalo bila kuulizana habari za nyuzi za mwanga. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wala methali hiyo haikutaja mwenye kisu kilichokaa katikati.

Lakini methali mbili zikikutana hazilazimiki kupigana. Ile ya jembe humkemea anayeufanya uchaguzi kuwa badala ya kulima. Haikusema kwamba majembe yote ni sawa, wala haikumwondolea mhunzi wajibu wa kufua vizuri. Kuna watu ambao visu vyao vya thamani hukaa ndani ya makasha yaliyotandikwa kitambaa, vikitolewa jioni, vikafunguliwa na kufungwa mara mia kama mtu anayehesabu tasbihi, kisha vikafutwa na kurudishwa bila kugusa hata kamba ya fungu la mchicha. Hakuna dhambi katika furaha hiyo, kwani mkono nao una haki ya kufurahia kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu. Lakini neno lililoandikwa kwenye hati ya kuzaliwa ya Sebenza ni amri, na amri isiyotiiwa hugeuka kejeli. Kazi mbi si mchezo mwema, walisema wahenga, na inaweza kueleweka kwamba kazi hata ikiwa mbaya ni bora kuliko mchezo mzuri. Na kisu kilichohukumiwa kuwa kikamilifu kisha kikanyimwa kazi ni kama jahazi lililotiwa kalafati, likapakwa mafuta, likasifiwa na kijiji kizima, na kuachwa mchangani mpaka mbao zikakauka na mapengo yakafunguka yenyewe.

Labda basi umuhimu wa hukumu hizi uko pia katika kile zinachomfanyia anayehukumu. Mtu aliyejifunza kuona tofauti ya unywele kati ya nyuzi mbili za mwanga, kusikia mlio mmoja pale ambapo wengine husikia kelele, na kuhisi kwa kidole ukingo ambao fundi aliusahau, amenolewa kwenye kinoo ambacho hakununua, na ukali huo hauishii kwenye visu. Huuona mlango uliopachikwa bila kupimwa, sentensi iliyofungwa kabla ya maana kutua, ahadi ambayo komeo lake limegusa ukingo tu. Akiwa na busara, ukali huo atauelekeza kwanza kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe, kwa kuwa anajua sasa kwamba sehemu asizoziona mteja ndizo zinazoamua miaka mingapi kitu kitaishi. Akikosa busara atabaki kuwa mkaguzi wa kazi za wengine, na hilo ni gurudumu lenye gololi nyingi lisilobeba mzigo wowote.

Hukumu ya kisu cha kukunja, kwa hiyo, haikamiliki siku ya kununuliwa. Mkao wa siku hiyo ni ahadi, umaliziaji wa siku hiyo ni salamu, na mwendo wa siku hiyo ni mazoezi. Kisu kinachostahili sifa ni kile ambacho kimekata kamba, maembe, maboksi na ngozi kwa miaka kumi, kikanolewa mpaka bapa likapungua upana, kikajaa makovu ambayo hakuna kijiwe cha kiwandani kilichoyatia, na bado, kikifungwa na kuinuliwa tena mbele ya dirisha, nyuzi zake mbili za mwanga zinalingana.